Nani Aliinua Dema la Bi Nguchiro?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na ugomvi wao wa majirani, aliishi pwani Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini akili, wanangu, alijaaliwa!

Alivua samaki kwa dema, ule mtego wa kusuka kwa fito unaozamishwa baharini. Na sheria ya bahari ilikuwa kali: anayevua bila leseni hunyang'anywa chombo, naye mwenyewe hutiwa jela. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Fisi, bwana mwenye tumbo kubwa na mashua ya doria.

Bi Nguchiro alimpelekea leseni yake mapema ili aongezewe muda. Fisi akaikalia.

"Njoo kesho, mama. Na usije mikono mitupu. Lete samaki wawili watatu, wale changu wa kukaanga."

"Hao ni chakula cha watoto wangu, bwana."

"Basi njoo kesho!"

Kesho, kesho, mpaka leseni ikaisha muda wake na dema bado liko majini. Asubuhi hiyo watoto waliamka wanalia njaa. Bi Nguchiro akakimbia ufukweni, akamkuta Fisi ameikalia ngarawa ya mama huyo, anacheka.

"Hii hii hii! Haya mama, nenda kainue dema lako."

"Nikiinua?"

"Nakukamata! Ngarawa naichukua, na wewe ndani!"

"Na nikiliacha?"

"Kuliacha si kosa. Sheria inasema anayeinua dema ndiye mvuvi. Hata wewe hujui hilo?"

Moyo ulimwuma Bi Nguchiro. Akifungwa, wale wanne watalelewa na nani? Mara akasikia pwaa! pwaa! Nyuma ya mikoko, Hakimu Tembo alikuwa anaoga kama kawaida yake ya asubuhi. Bi Nguchiro akaketi mchangani, akashika tama.

"Basi naliacha. Ila wale changu, maskini! Jana niliwachungulia. Wamenona hao, mafuta matupu! Sasa watakufa bure."

Fisi akameza mate, glu!

"Wamenona kiasi gani?"

"Usiniulize, bwana. Nitalia."

Fisi akajikuna tumbo, akakohoa, akavaa sauti ya kiofisi. "Ahem! Itabidi nikachukue kidhibiti. Kwa ajili ya kesi."

"Kazi nzito hiyo, bwana mkubwa! Pole sana."

Chubwi, chubwi, Fisi akapiga kasia ndani ya mashua yake ya doria mpaka penye dema. Akainua dema, akalifungua. Akaonja mmoja, ili ajue kama ni mzima. Akaonja wa pili. Bi Nguchiro hakuwa na haraka, alingoja mpaka mdomo wa Fisi ukajaa, ndipo akapiga yowe:

"Mheshimiwa Hakimu! Uuuwi! Mvuvi haramu huyo!"

Tembo akatokea anachuruzika maji. "Nani ameinua dema hilo?"

"Mmh... mimi, mheshimiwa. Nakusanya kidhibiti!"

"Una leseni ya kuvua?"

"Mimi ni mlinzi!"

"Sijakuuliza kazi yako. Haya, nionyeshe hicho kidhibiti."

Fisi akafumba mdomo haraka. Mkia wa changu ukabaki unaning'inia nje.

"Kiko tumboni, mheshimiwa," akasema Bi Nguchiro kwa adabu. "Ni mkia tu ndio haujafika."

Tembo alicheka mpaka mikoko ikatikisika. Kisha akaelezwa na habari ya leseni iliyokaliwa, akahukumu: mashua ya doria ikachukuliwa, Fisi akaenda jela, na leseni ya Bi Nguchiro ikatolewa siku ileile. Changu waliobaki, mama akaambiwa awapeleke nyumbani. Jamani, mimi mama yule nampenda! Hakurusha hata jiwe, na kibonge yule akajifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Nanyi shikeni hili: sheria inamfunga mlinzi wake vilevile inavyomfunga mvuvi.