Mwokaji Aliyechelewa Kuiona Bahari

Hadithi hii imepita katika simu nyingi kabla ya kufika kwako. Isome mpaka mwisho, kisha mtumie mtu mmoja ambaye kila mwaka husema atapumzika mwakani.

Palikuwa na mwokaji mikate mjini Makambako, jina lake Aidani Mligo. Mji ule una baridi, na watu wake hupenda kuianza siku kwa chai ya moto na mkate laini. Kwa hiyo Aidani aliamka usiku wa manane, akawasha tanuri, akakanda unga, na kulipopambazuka mikate yake ilikuwa imeshafika madukani. Krismasi aliamka. Pasaka aliamka. Hata siku mkewe Otilia alipojifungua binti wao wa pili, Edina, aliamka akaoka kwanza, ndipo akaenda hospitali akiwa bado na unga kwenye nyusi.

Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Aliipenda familia yake, na kila alichofanya alikifanya kwa ajili yao. Ila alikuwa na shida moja: akikaa kitako mahali penye joto, alisinzia.

Siku ya mahafali ya kidato cha nne ya binti yake mkubwa, Skolastika, Aidani alivaa koti lake la harusi, akakaa safu ya mbele. Ukumbi ulijaa, hewa ikawa nzito. Mwalimu mkuu akamwita Skolastika apokee zawadi ya hisabati, kisha akawaomba wazazi wake wasimame wapigiwe makofi. Akasimama mama peke yake. Baba alikuwa anakoroma, kidevu kimelala kifuani.

Watu wakacheka. Otilia akamtikisa bega, lakini alipofumbua macho, binti yake alikuwa anashuka jukwaani huku akijifuta machozi.

Walipofika nyumbani, Aidani alisimama mlangoni akamwambia bintiye, "Skola mwanangu, nimekuaibisha. Kabla hujaenda kidato cha tano, nitawapeleka nyote baharini. Tena siyo kienyeji. Tutalala kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, kama ile aliyokwenda yule mfanyabiashara wa mbao wa hapa mjini na watoto wake."

"Baba, si lazima," Skolastika alijibu.

"Ni lazima."

Tangu siku hiyo Aidani akawa mtu wa mbio. Hoteli aliyoitaka ilikuwa ghali, na mikate peke yake isingeweza kuilipa. Akachukua kazi ya kupeleka maandazi katika shule mbili. Jumapili, siku ambayo zamani alikuwa akirudi mapema kula na familia, akaanza kuoka keki za harusi. Edina, aliyekuwa darasa la pili, alimwona baba yake pale tu alipopita sebuleni kuelekea kitandani.

Kila mtu alipomwambia amekonda, Aidani alicheka. "Nitapumzika baharini," alisema.

Ikafika siku akasahau kutia hamira katika unga wote wa asubuhi. Mikate ikatoka migumu kama matofali, maduka yakairudisha. Wiki haikupita, akasinzia akiwa amesimama mbele ya tanuri, mkono ukaangukia mlango wa chuma. Aliamshwa na harufu ya ngozi yake mwenyewe.

Otilia alimfunga kidonda. Alipomaliza akauliza, "Baba Skola, fedha za hiyo hoteli umefika wapi?"

"Hata nusu bado."

"Na ukiunguza mkono wa pili, hiyo nusu nyingine utaipata kwa kuoka na miguu?"

Aidani akautazama mkono uliofungwa.

"Nipe hizo ulizonazo," Otilia akasema. "Safari nitaipanga mimi. Nakuomba mambo mawili tu: usiniulize habari za bwawa, na tarehe nitakayokwambia usiikatae."

Kwa kuwa mkono ulimuuma, akakubali.

Otilia akaanza kuulizauliza. Aliwauliza wauza viazi waliokuwa wakisafiri kwenda Dar es Salaam kila mwezi, akamuuliza katekista, akapiga simu kwa watu aliosoma nao zamani. Akajua kwamba mvua za masika zikishakatika, wageni pwani huwa wachache na vyumba hushuka bei, na miezi hiyo hiyo shule huwa zimefungwa. Akajua kwamba wakipanda treni watapata chumba chenye vitanda vya kulala wote wanne, na nauli yake itawaachia kitu mfukoni. Mjini wangefikia hosteli ya parokia. Ufukweni, upande wa Kigamboni, alipata vyumba viwili vya uani kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Saumu, vyenye jiko la kupikia, na bahari haikuwa mbali.

Aidani alipoelezwa mpango huo, uso ulimshuka.

"Vyumba vya uani? Tena twende na mchele wetu na maharage kwenye mfuko? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Wanaokwenda ni sisi."

"Haya, na tanuri je? Nikifunga wiki nzima, wateja wote watahamia kwa Sanga."

Sanga alikuwa mwokaji mwenzake, aliyefungua duka upande wa pili wa barabara. Watu hao wawili walikuwa hawajawahi kupeana hata mkono.

"Watahamia, ndiyo," Otilia akasema. "Nimeshakwenda kumwambia aoke mikate zaidi."

Aidani aliweka kikombe mezani kwa kishindo, chai ikamwagika. "Umefanya nini?"

"Nimemwomba awahudumie wateja wetu wiki hiyo, watu wasikose mkate. Amesema hajawahi kuombwa jambo kama hilo tangu azaliwe, lakini atafanya."

Siku nzima Aidani alinuna. Lakini neno lake alikuwa ameshalitoa, na Edina alikuwa ameshaanza kulala na nguo yake ya kuogelea. Tarehe ilipofika, tanuri likazimwa.

Treni iliondoka Makambako, milima ikabaki nyuma. Edina alibandika pua dirishani akihesabu twiga mpaka akachanganyikiwa. Kesho yake wakaingia Dar es Salaam, jua likiwaka kwelikweli, nao wamevaa masweta ya nyumbani.

Siku mbili za mjini zilikuwa za kutembea. Walikwenda makumbusho, wakatazama majengo marefu mpaka shingo zikauma, wakala mihogo ya kukaanga na samaki wa soko la feri. Skolastika aliwaongoza kwa ramani ya simu, akawapoteza, akawarudisha, wakacheka. Hakuna lililokuwa la gharama kubwa.

Lakini Aidani alikuwa nusu hapo, nusu Makambako. Kwa mazoea aliamka usiku wa manane, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mchana aliwatazama wanawe kwa macho mekundu, na kila walipopita mbele ya hoteli kubwa alipunguza mwendo.

"Ningeweza kuwaleta hapa," alimwambia mkewe siku ya pili kwa sauti ya chini. "Miezi michache tu zaidi."

"Twende, pantoni itatuacha," Otilia akajibu.

Wakavuka kwenda Kigamboni. Bi Saumu akawapokea kwa bashasha. "Karibuni wageni wangu, jisikieni mko kwenu. Maji ya kuoga yapo, jiko lile pale, na mkitaka samaki semeni mapema nimwagize mvuvi."

Walifika jua limeshazama, kwa hiyo bahari waliisikia tu. Watoto wakataka kukimbia gizani, mama akawazuia. Aidani akaona hapo ndipo pa kurudisha heshima yake.

"Sikilizeni," akasema. "Kesho alfajiri, kabla jua halijachomoza, nitawapeleka wote mkalione likitoka majini. Kuamsha watu niachieni mimi. Kama kuna kazi moja duniani ninayoiweza, ni kuamka mapema."

Edina akapiga makofi. Wakala, wakalala.

Aidani alipofumbua macho, chumba kilikuwa na giza zuri la pazia nene. Alijisikia mwepesi, kama aliyevuliwa gunia mgongoni. Akajinyoosha, akapiga miayo, akageuka upande wa pili. Kisha akaona mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango. Ulikuwa mweupe, mkali. Haukuwa mwanga wa alfajiri.

Akaichukua simu. Ilikuwa saa saba mchana.

Akaruka kitandani. Akaona ukumbi wa mahafali, watu wanacheka, binti yake anashuka jukwaani na machozi. Amelala tena! Siku ile ile aliyoahidi! Akavaa shati kinyume, akafungua mlango kwa nguvu, tayari kuomba msamaha.

Uani, chini ya kivuli cha paa la makuti, Otilia na watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Wote watatu walikuwa wamevaa nguo za kwendea baharini. Nywele zao zilikuwa kavu. Miguu yao haikuwa na mchanga. Walikuwa wanacheza karata bila kutoa sauti, wakisemezana kwa vidole na nyusi. Jogoo wa Bi Saumu alikuwa amefunikwa kwa tenga mbali kabisa, karibu na choo.

"Mbona hamkwenda?" Aidani akauliza. "Mbona hamkuniamsha?"

Watoto wakatazamana. Edina hakuweza kuvumilia. "Mama alisema hiki ndicho tulichokuja kufanya!"

"Kitu gani?"

"Wewe kulala! Tulikuwa tunakuchungulia kwa zamu. Mimi nilikuona ukitabasamu."

Aidani akamtazama mkewe. Otilia aliweka karata zake chini.

"Baba Skola, nilipokuwa napanga safari hii niliwauliza watoto kila mmoja anataka nini. Edina alisema anataka baba wa mchana. Skola alisema anataka kukuona umelala mpaka uamke mwenyewe. Hakuna aliyelitaja bwawa. Ndiyo maana nilitafuta nyumba yenye vyumba vya uani, pasipo na kelele za barabara. Na mimi, tangu tuoane, sijawahi kuamka asubuhi nikakukuta kitandani. Leo nimekukuta. Nilikaa nikakutazama kama mjinga."

Skolastika akainuka, akasimama mbele ya baba yake. "Baba, siku ya mahafali ulidhani nalia kwa aibu. Sikuona aibu. Nilikuona kutoka jukwaani, umelala katikati ya kelele zote zile, nikafikiri, huyu mtu amechoka kiasi gani? Na zawadi niliyoshika mkononi, ada ya shule iliyonipatia ilitoka kwenye hiyo mikate. Nilikulilia wewe."

Mwokaji yule, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akijiunguza ili amlipe binti yake deni lisilokuwapo, alikaa juu ya mkeka akafunika uso kwa mikono miwili. Walimwacha alie mpaka atosheke. Kisha Edina akamwambia kwamba shati amelivaa kinyume, wote wakaangua kicheko, hata Bi Saumu aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni.

Maji yalikuwa yamekupwa saa ile, kwa hiyo walikula kwanza. Alasiri yalipojaa, wakashuka ufukweni wote wanne wameshikana mikono. Edina alichota maji ya bahari kwa kiganja, akayaonja, akatema, akayaonja tena. Aidani alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, halafu wimbi likaja likamlowanisha mpaka kifuani, akapiga kelele kama mtoto. Jua halikuchomozea majini mbele yao kama alivyoahidi. Lilizama nyuma yao, juu ya minazi, na hakuna aliyelalamika.

Siku zote zilizobaki Aidani aliamka wa mwisho.

Waliporudi Makambako, asubuhi ya kwanza alivuka barabara, akampa Sanga mkono na samaki wakavu wa pwani. Sanga alimweleza kwamba wateja wote walihudumiwa, na kwamba wengine walikuwa wakiuliza kila siku Mligo anarudi lini. Kisha akakohoa kidogo.

"Ndugu yangu, mwezi wa kumi na mbili nataka kuwapeleka wanangu kwa bibi yao Makete. Hawajamwona miaka mingi. Sijui kama na wewe utaweza..."

"Nenda," Aidani akasema. "Nitaoka mikate zaidi."

Tangu hapo waokaji wale wawili wanapeana zamu. Maandazi ya shule Aidani aliyaachia vijana wa kikundi cha mtaani, keki za Jumapili akaziacha kabisa. Skolastika alipoondoka kwenda kidato cha tano, baba yake alimsindikiza mpaka stendi akiwa hana usingizi machoni wala uchovu mwilini. Na mwaka uliofuata, zilipofungwa shule, yeye ndiye aliyempigia simu Bi Saumu, akaomba vile vyumba vya uani.

Funzo: Kabla hujajitesa kutafuta fedha za kuwafurahisha watu wako, waulize kwanza wanataka nini. Huenda unawanunulia mbali na kwa bei kubwa, kumbe walichokikosa siku zote ni wewe.