Nguchiro na Ubao wa Taa za Kijani

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na Mtemi, na baraza, na simu za mkononi. Nini? Simu hazikuwepo zamani? Wewe ulikuwepo? Basi nyamaza, au njoo ukae hapa usimulie wewe.

Na msitarajie kucheka sana leo. Nguchiro atawachekesha kidogo, maana ndivyo alivyo, lakini hadithi hii hunikera kila ninapoisimulia.

Mtemi wa nchi alikuwa Tembo. Hakuwa mbaya, Tembo. Alikuwa mvivu wa kufuatilia tu. Akisema jambo lifanyike, kwake limeshafanyika, anakwenda kuoga.

Siku moja akawaita watu wake barazani.

"Visima vya kamba na ndoo vinatuaibisha," akasema. "Wageni wakija watatuonaje? Nataka kila kijiji kiwe na bomba la kidijitali!"

Bomba lenyewe lilikuwa hivi. Unaligusa kwa kwato au ukucha, linakutambua wewe ni nani na nyumbani mko wangapi, linalia "tii!", halafu maji yanatoka yenyewe, chururuuu! Kisima cha zamani kinafunikwa kwa zege zito, ili watu wasirudie ushamba.

Kazi akapewa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: mwili mdogo, macho hayatulii, mdomo una mafuta. Siku ya uzinduzi makao makuu bomba lilitoa maji vizuri sana, kwa sababu Nguchiro alikuwa amemficha Panya nyuma ya ukuta na pipa, anamimina.

"Hongera!" watu wakapiga makofi. "Hongera sana, fundi!"

Sasa, kulikuwa na Kifaru. Huyu ndiye aliyekuwa mkaguzi wa miradi yote ya serikali. Kazi yake ni kwenda kijiji kwa kijiji, aguse bomba, aone maji kwa macho yake. Lakini Kifaru ni mzito jamani, na jua lilikuwa kali. Kabla hajafika hata kijiji cha kwanza, miguu ilikuwa imemvimba.

Nguchiro akamkuta amekaa kando ya njia anahema, huuh, huuh.

"Pole, mkubwa wangu," akamwambia. "Mtu wa heshima kama wewe kutembea hivi? Kwa nini?"

"Nisipotembea nitajuaje mradi unaendeleaje?"

"Uulize kwa simu! Nitatengeneza Ubao wa Taa, tuutundike barazani. Kila kijiji na taa yake. Kila asubuhi mashine itawapigia wananchi wenyewe, iwaulize habari. Wakisema nzuri, taa ya kijani. Wakisema mbaya, taa nyekundu. Wewe umekaa kivulini na chai yako, unaiona nchi nzima."

Kifaru akaitazama miguu yake. Mara hiyo hiyo wakaenda wote kwa Mtemi.

"Mashine itauliza wananchi wenyewe?" Tembo akauliza.

"Wenyewe, Mtemi. Na mashine haina ndugu, wala haipokei rushwa."

"Aaah! Hapo umenena." Tembo akapepea masikio. "Lakini sikiliza, Nguchiro. Taa ya kijiji ikiwaka nyekundu hata mara moja, Kifaru atakwenda kulivunja lile zege watu wateke maji kama zamani, na wewe nitakufukuza katika nchi hii."

"Haki kabisa, Mtemi," Nguchiro akasema, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. Alikuwa anaficha kicheko.

Haya, twendeni Mchangakole.

Mchangakole ni kijiji cha mbali, kikavu, hakina mto karibu. Huko aliishi Bi Paa na binti yake mdogo, Havijawa. Bomba lilipoletwa, Bi Paa alivaa kanga mpya akaenda kuligusa.

"Tii!" likalia bomba. Halafu likasema kwa sauti nzuri ya kike: "Samahani, mtandao haupatikani."

Basi. Hata tone.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Na ubaya ni kwamba maji yalikuwepo! Ukilaza sikio juu ya lile zege unayasikia huko chini kisimani, to, to, to. Mzee Ngiri, jirani yake Bi Paa, alijaribu kulipasua zege kwa meno yake marefu. Kaaa! Jino moja likakatika, zege halikupata hata mkwaruzo. Lile lilitaka nguvu za Kifaru.

Wakawa wanalamba umande alfajiri. Umande wenyewe ukaisha.

Asubuhi moja simu ya Bi Paa ikalia. Kriii! Kriii!

"Habari za asubuhi? Tunapiga kutoka barazani kwa Mtemi. Habari za bomba?"

Moyo wa Bi Paa ukaruka kwa furaha. Serikali imewakumbuka!

"Nzuri tu, mwanangu, lakini..."

Tiiit. Simu ikakatika. "Asante kwa ushirikiano wako," ikasema, na kimya.

Havijawa alikuwa amelala mkekani, midomo imepasuka. "Mama, mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa naelekea huko, mwanangu."

Mmeona? Nguchiro hakuiba kitu, hakumtisha mtu. Alikulia katika nyumba kama zenu, anatujua. Sisi ukituuliza habari, hata kama paa la nyumba limeng'olewa na upepo, tunaanza na nzuri. Salama. Hatujambo. Ndiyo malezi. Ya kweli yanafuata nyuma, baada ya lakini. Sasa Nguchiro akaitengeneza mashine yake isikie neno la kwanza, halafu ikate.

Barazani, taa ya Mchangakole ikawaka kijani. Pwi!

"Safi," akasema Kifaru, akanywa chai.

Ilichukua muda watu wa Mchangakole kugundua. Kila nyumba simu ililia, kila nyumba ikakatika. Mzee Ngiri ndiye aliyekuja kwa Bi Paa amefura.

"Mimi nimesema 'salama, ila maji hakuna.' Imekata kwenye ila!"

"Na mimi kwenye lakini," akasema Bi Paa. Akasimama ghafla. "Mzee wangu, haitaki kusikia mbele ya hapo! Kesho tuanze na mbaya."

"Tuanze na mbaya?" Mzee Ngiri akakuna shingo. "Mtu anakuuliza habari, unamjibu mbaya usoni pake? Watasema Ngiri hakufunzwa kwao."

"Mtoto wangu hakojoi tena, Mzee Ngiri. Waache waseme."

Usiku kucha Bi Paa akajifunza. Mbaya. Habari za bomba? Mbaya. Habari za bomba? Mbaya! Mpaka Havijawa akacheka kidogo pale mkekani, kicheko kikavu.

Asubuhi kijiji kizima kikajaa uani. Kriii! Kriii! Bi Paa akaishika simu kwa miguu miwili.

"Shikamoo, mama," ikasema mashine.

"Marahaba."

"Pole na majukumu. Umeamkaje?"

"Salama..."

Tiiit. "Asante kwa ushirikiano wako."

Uwii! Bi Paa akajipiga mdomo kwa kwato. Watu wakashika vichwa. Yeye alijiandaa kuulizwa bomba, naye Nguchiro amebadilisha swali. Siku iliyofuata ikauliza watoto hawajambo. Siku nyingine ikauliza za tangu juzi. Na kila siku mdomo wa mtu unatangulia kabla ya akili yake. Nani angeweza? Mimi nisingeweza, na nyie msijidanganye.

Havijawa sasa hakuweza kuinua shingo. Akilia, machozi hayatoki.

"Nakwenda kwa Mtemi mwenyewe," Bi Paa akasema. "Nitamwambia uso kwa uso, Kifaru aje avunje zege. Mzee Ngiri, nikae nikitazama mtoto anakauka?"

"Mwache na mimi. Jua hili hatalimudu."

Bi Paa akainama mkekani. "Havijawa, mama anakwenda kukuletea maji."

"Utachelewa?"

"Sitachelewa."

Akakimbia. Tipu tipu tipu tipu! Miguu yenyewe mnajua ilivyo, myembamba. Kila alipokanyaga alisema mbaya. Mbaya, mbaya, mbaya, njia nzima, ili mdomo uzoee usije ukamsaliti.

Akafika barazani ulimi uko nje. Tembo alikuwa bwawani kwake anajimwagia maji mgongoni, pwaaa! Pwaaa! Mengine yanamwagika chini yanapotea mchangani. Nyuma yake Ubao wa Taa, kijani tupu, hakuna hata moja ya rangi nyingine.

Nguchiro akamwona Bi Paa getini. Kwanza alishtuka, mkia ukasimama. Akatazama njia ya kukimbilia. Halafu akamtazama Bi Paa vizuri: kanga imekunjwa kwa heshima, kichwa kimeinamishwa mbele ya wakubwa. Mkia wake ukashuka.

"Karibu, mama, karibu!" akamrukia. "Mtemi! Tumepata mgeni, mwananchi wa Mchangakole mwenyewe! Wapo wanaosema mashine yangu ni ya uongo. Tafadhali, Mtemi, muulize wewe, kwa kinywa chako, watu wote wasikie."

"Wazo zuri," Tembo akasema. Akatoka majini. Wapiga ngoma wakasogea, Kifaru akaweka kikombe chini, wazee wa baraza wakageuka. Wote wakamtazama yule Paa mdogo mwenye vumbi.

Bi Paa akapiga magoti. "Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba, binti yangu. Pole na safari." Sauti ya Tembo ilikuwa nzito na ya upole, sauti ya baba. "Habari za Mchangakole?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nawaambia lilikuwa pale pale, alilibeba njia nzima. Lakini mbele yake amesimama Mtemi, amemwita binti yangu, amempa pole, na baraza zima linamsubiri.

"Nzuri, Mtemi," Bi Paa akasema. "Lakini..."

"NZURI!" Nguchiro akaruka hewani. "Mmesikia? Amesema nzuri! Vigelegele!"

Ndi! Ndi! Ndi! Ngoma zikalia. Vigelegele vikapaa.

"Lakini!" Bi Paa akapiga kelele. "Lakini mwanangu! Lakini zege! Mtemi!"

Tembo mwenye masikio mapana kuliko wote nchini alikuwa anacheza. Machozi ya furaha yanamtoka, anafuta kwa mkonga. Nchi yake inaendelea.

Kifaru peke yake alisikia. Alikuwa karibu. Alisikia lakini, alisikia mwanangu. Akamtazama Bi Paa, akautazama ubao unaong'aa kijani, akalitazama jua lile na njia ndefu ya Mchangakole.

"Kesho nitauliza kwa simu," akasema taratibu, akaokota kikombe chake.

Askari wakamsindikiza Bi Paa mpaka getini kwa heshima zote. Wakampa zawadi ya fulana yenye picha ya bomba. Aliomba maji ya kubeba. Wakamwambia ya nini, na kwenu bomba lipo.

Akarudi. Safari hii hakusema neno lolote njiani. Alikimbia tu, tipu, tipu, na alipoishiwa mbio akatembea.

Alipoingia Mchangakole, watu walikuwa wamekaa uani kwake. Wamekaa chini, wanawake upande mmoja, wanaume upande mmoja, kama msibani. Mzee Ngiri akainuka akaja kumpokea fulana, akaitazama, akaikunja.

Bi Paa akauliza, kwa sababu ndivyo mtu anavyouliza akifika kwake: "Habari za hapa?"

"Nzuri," akajibu Mzee Ngiri.

Halafu akawa anatafuta pa kuanzia neno linalofuata, hapapati. Bi Paa akamshika mkono.

"Usiseme, Mzee wangu," akamwambia. "Nimeisikia." Akaingia ndani, mkekani, akalala ubavuni kwa mtoto wake.

Kesho yake simu ikalia ndani ya nyumba ile, Kriii! Kriii! Hakuna aliyeipokea. Ilipolia mpaka ikachoka, ikasema yenyewe asante kwa ushirikiano wako, na kule barazani taa ya Mchangakole ikabaki kijani. Nguchiro akapewa vijiji vingine vya kuwekea mabomba, akapewa na nyumba yenye kivuli. Mpaka namaliza kusimulia, hakuna aliyemfukuza.

Haya, hadithi nimeitua hapo, aliyeipenda na aliyeichukia wote waende wakalale. Funzo lake ni mstari mmoja: ukimuuliza mtu hali yake, usiondoke mpaka amalize kusema lakini.