Maziwa Yaliyomwagwa Njia ya Tosamaganga

Wahenga hawakusema kwamba kuuliza ni werevu. Walisema tu kwamba si ujinga. Walijua binadamu tulivyo. Wengi wetu tuko radhi kupotea kutwa nzima kuliko kumsimamisha mpita njia na kukiri kwamba hatujui tuendako, na aliyesoma zaidi ndiye huona haya zaidi. Hadithi hii inamhusu binti aliyesoma sana na bado akauliza.

Tumpe Andendekisye alizaliwa Ilomba, jijini Mbeya. Alikuwa na shahada ya kwanza na kazi ya ukatibu muhtasi, lakini aliiacha kazi hiyo akaenda Iringa kusomea shahada ya uzamili ya uhusiano wa umma. Baba yake alibaki mdomo wazi.

"Mwanangu, wewe kuongea umeanza hata meno hujaota," alimwambia. "Sasa miaka miwili chuoni unakwenda kuongezewa nini?"

Tumpe mwenyewe alidhani anakwenda kuongezewa ufasaha. Kumbe mhadhiri wake, Dkt. Batuli, hakuwa na haja na ufasaha wa mtu. Mwanafunzi akisoma taarifa yake tamu aliyowaandalia waandishi wa habari, mama huyo huvua miwani na kuuliza, "Umejuaje? Nani kakwambia? Na yule ambaye hukumuuliza, angesemaje?" Walifundishwa kutafiti, kuandaa dodoso, kupima maoni ya watu na kusikiliza hata lisilosemwa. Mwishowe kila mmoja akapelekwa kazini miezi mitatu kwa mafunzo ya vitendo.

Tumpe akaangukia kampuni moja ya kusindika maziwa mjini Iringa. Meneja, Bwana Sosthenes, alikuwa mchapakazi asiyependa maneno mengi, na mkuu wa uhusiano, Bwana Philbert, alikuwa mtu wa tai na kamera. Ilikuwapo nafasi moja ya ofisa uhusiano, na Tumpe aliitamani kwa roho yake yote. Kule Mbeya kazi yake ilikwishapata mtu mwingine.

Zikiwa zimebaki wiki mbili amalize mafunzo, mambo yakaharibika. Akina mama wafugaji wa kijiji kimoja njia ya Tosamaganga, waliokuwa wakileta lita mia nane kila asubuhi katika kituo cha kukusanyia maziwa, waliacha kuleta. Hawakuandika barua wala hawakugombana na mtu. Walinyamaza tu.

"Ni bei," Sosthenes alisema kikaoni. "Kuna mtu anawapa zaidi."

"Tuwapelekee kofia na fulana," Philbert akashauri. "Na tangazo redioni, lenye ngoma kidogo."

Tumpe akanyoosha mkono. "Samahani, waliacha siku gani?"

Hakuna aliyejua. Philbert akacheka mpaka tai ikatikisika. "Shahada ya pili, maswali ya chekechea."

Sosthenes hakucheka. "Binti, una hadi Ijumaa. Maziwa yasiporudi, nafunga kile kituo. Na ile nafasi nitampa mwenye majibu, siyo mwenye maswali."

Tumpe aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Hata hivyo, Jumanne asubuhi alikwenda kijijini na dodoso lake la kurasa nne, akafika kwa Mama Paskalina, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Alianza na swali la kwanza kabla hata kiti hakijapata joto. Je, bei inaridhisha? Inaridhisha. Usafiri? Hauna shida. Mizani? Mizani ni nzuri, tunashukuru. Kurasa nne zikaisha, na Tumpe akaondoka na shukrani tupu.

Akiwa njiani kurudi alipita kituoni. Karani, Kalinga, alikuwa amekaa peke yake na vipimo vyake. Kando ya mlango palikuwa na udongo uliochacha, umejaa nzi.

"Hapa pana nini?" Tumpe aliuliza.

"Maziwa. Yakikataliwa na kipimo tunayamwaga hapo."

"Tangu zamani?"

"Zamani mtu alirudi nayo nyumbani. Mwezi huu ofisi imeleta utaratibu mpya, yamwagwe papo hapo yasije yakauzwa mitaani." Kalinga akafunua daftari. "Ya kwanza kumwagwa ni haya, tarehe tisa. Ya Mama Paskalina, yaliganda kwenye kipimo."

"Na waliacha kuleta lini?"

Kalinga akafunua ukurasa wa pili, akakuna kichwa. "Tarehe kumi. Jamani, mbona sikuliona hilo?"

Siku ya pili Tumpe alirudi kwa Mama Paskalina bila karatasi. Alimkuta akikata majani ya ng'ombe.

"Kamwene, mama," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Umerudi?"

Tumpe akachukua mundu wa pili akaanza kukata. Utotoni alikuwa akipelekwa Rungwe kwa babu yake, na huko mtoto hujua ng'ombe kabla ya kujua hesabu. Macho yake yakamwendea ndama aliyefungwa bandani.

"Huyu kazaliwa lini, mama?"

"Tarehe nne."

Tumpe akahesabu moyoni, mundu ukasimama. Tarehe tisa yule ng'ombe alikuwa na siku tano tu tangu azae. Maziwa yake yalikuwa bado na dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na dang'a huganda kwenye kipimo.

"Mama, yale maziwa hayakuwa na maji. Yalikuwa na dang'a bado, na kipimo chetu kinataka siku saba."

Mama Paskalina akakaa juu ya majani. "Wewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Sisi hapa ndama tunamwachia siku nne, ya tano tunakamua. Ndivyo walivyofanya mama zetu. Kama mashine zenu zinataka siku saba, nani alikuja kutuambia? Na hapa kwetu ukimwagiwa maziwa mbele za watu, maana yake wewe mwizi, umetia maji. Mimi ndiye napitisha kapu la sadaka kanisani, binti. Jumapili ile nilishindwa kulishika. Wenzangu wakasema hawataniacha na aibu hii peke yangu."

"Jana mbona hukuniambia?"

"Jana uliniuliza bei. Na ulikuwa unaandika."

Tumpe alilimeza hilo kama dawa chungu, maana lilikuwa kweli. Kisha akauliza swali lake la mwisho. "Jambo kama hili kwenu linamalizwaje?"

"Aliyeaibishwa hadharani hasafishwi chumbani," Mama Paskalina alijibu.

Alhamisi Tumpe alisimama mbele ya meneja akaeleza yote. Sosthenes akapandisha sauti. "Meneja mzima niende nikaombe radhi kwa ajili ya ndoo moja?"

Tumpe alijua kwamba hapo ndipo nafasi yake inapopotea. "Bosi, mama yako angefanyiwa hivyo mbele ya majirani zake, ungempelekea kofia?"

Sosthenes akauliza kwa sauti ndogo kijijini wanakamua saa ngapi.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akina mama walikusanyika kituoni kwa wito wa Tumpe, wakiwa mikono mitupu, wamejifunika vitenge kwa baridi. Sosthenes akafungua hotuba ya kurasa mbili aliyoandikiwa na Philbert. Alisoma sentensi ya kwanza, ile ya kampuni kuwathamini wadau wake. Akina mama wakatazama chini. Akaikunja hotuba.

"Mama Paskalina, kamwene. Tulikukosea wapi?"

Mama akamweleza, mbele ya wote, bila kupunguza neno. Alipomaliza, Sosthenes akavua kofia yake. "Wote mnisikie. Mama huyu hakutia maji. Kosa ni letu, hatukuwaambia habari ya siku saba. Hapa halitamwagwa tone tena. Tunaomba radhi, mama."

Mama Paskalina alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akageuka, akaenda zake, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja mpaka kituo kikabaki kitupu. Philbert akaguna. Tumpe akakaa kwenye kizingiti, akaanza kufikiria atamwambia nini baba yake.

Haikupita saa moja, vishindo vikasikika njiani. Walikuwa wamekwenda kukamua. Mama Paskalina alitangulia na ndoo yake, na nyuma yake msururu wa wanawake waliokuwa wakiongea na kucheka, na Kalinga akahangaika kutafuta makopo ya kutosha.

Sosthenes alimsogelea Tumpe pale kizingitini. "Ukimaliza chuo, nafasi ni yako," alisema. "Miaka kumi na moja nawatolea watu hawa majibu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimewauliza swali. Nilidhani nitadharauliwa."

Hakudharauliwa, wala maziwa hayakukauka tena njia ya Tosamaganga, kwa maana hata kwa meneja na hata kwa mwenye shahada mbili, kuuliza si ujinga.