Migomba ya Senzige

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitikia kama watu walionyimwa ugali! Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na tope!

Na ndani ya tope?

— Chunusi!

Haya, mwenye mtoto amkumbatie. Mwenye mume amshike kanzu, maana hao ndio wa kwanza kukimbia.

Hapo kale, kijiji cha Kwamteni kilikuwa na bwawa moja. Kila kiangazi, maji yakipungua, baragumu lililia na nyumba zote zikatoka kuchota tope kwa siku tatu: baba, mama na watoto. Walipanga mstari, vikapu vikapita mkono kwa mkono, toka majini mpaka shambani.

Chini ya tope lile alilala Chunusi, zimwi la maji. Hana macho yule, ana masikio tu. Kila asubuhi aliwauliza akina baba watoto wao wako wapi. Na neno akishapewa, hulishika, likawa kweli.

Basi Senzige alikuwa na mapacha, Mbazi na Nanzia. Akasema, "Wanangu hawashiki tope. Tope ni la watoto wa wenzangu."

Mkewe, Naetwe, akasema, "Baba Mbazi, Chunusi atauliza."

"Aulize! Kipofu atajuaje?"

Akakata vigogo viwili vya mgomba. Kimoja akakivika shuka, kimoja kanga, akavisimamisha mstarini.

Jirani akamtania, "Shemeji, wanao wamenenepa kiuno!"

"Kwangu hawashindi njaa," akajibu Senzige. Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka.

Tope likatokota. "Senzigeee! Wanao wako wapi?"

"Hawa hapa!"

"Haya. Nimesikia."

Jioni akawakuta mapacha nyumbani, wamekaa. "Baba, miguu yetu ni ya baridi." Akaigusa, imelowa.

"Mmekaa sana sakafuni," akasema.

Siku ya pili. "Senzigeee! Wanao wako wapi?"

"Hawa hapa!"

"Haya. Nimesikia."

Jioni mapacha walikuwa wagumu hadi kiunoni, ngozi kijani. Naetwe akalia, "Mume wangu, kesho sema kweli!"

"Mbele ya kijiji kizima? Nichekwe?"

Siku ya tatu. "Senzigeee! Wanao wako wapi?"

Akatazama watu. "Ha... hawa hapa."

Kigogo chenye kanga kikakohoa. Koh!

Safari hii hakucheka mtu. Chenye shuka kikamshika Senzige kidole. "Baba, tumechoka. Twende nyumbani."

Mbio alizotoka nazo hazijapata kuonekana! Nyumbani akakuta mapacha wamesimama ukutani, mviringo, wanachuruzika maji. Yaliyobaki kutembea ni macho tu. Akambeba Mbazi, hanyanyuki. Akambeba Nanzia, hanyanyuki. Naetwe akapiga ukunga, uuuwi!

Wanakijiji hawakuuliza. Mstari wote ukahama, ukanyooka toka mlangoni kwa Senzige mpaka bwawani. Watoto wakanyanyuliwa na wengi, wakapitishwa mkono kwa mkono, kama vikapu. Lakini mwisho wa mstari, kwenye maji ya kina, hapakuwa na mtu.

Naetwe akamwambia mumewe, "Pale ni pako."

Senzige akaingia, akawapokea wanawe. Tope likamfika magotini. Likamfika kiunoni. Likamfika kifuani. Kitu laini kikamzunguka miguu, kikakaza.

"Senzigeee! Wanao wako wapi?"

"Nilidanganya! Wangu ni hawa mikononi mwangu! Wale ni migomba!"

Tope likatokota. Kisha, "Mara tatu ulinipa neno. Mara tatu lifute."

Akasema mara ya pili. Ya tatu aliisema kwa kilio, kijiji kizima kinamsikia. Akaizamisha mikono ya wanawe topeni. Mbazi akafumba vidole, akachota. Nanzia akachota. Wakavuta pumzi, wakalia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko ngoma.

Na vile vigogo? Vilishuka bwawani vyenyewe, vimeshikana. Maji yalipofika shingoni, chenye kanga kikageuka.

"Baba?" kikaita.

Kikazama.

Tangu hapo, baragumu likilia, Senzige na wanawe huwahi kabla ya jogoo. Na Chunusi akiuliza, yeye huwapapasa kwanza, mmoja mmoja, ndipo anajibu.

Kikapu changu kimefika shambani, nakimwaga hapa. Kwenye kazi ya wote hapatumwi kigogo. Ukimficha mwanao asiifanye, umempa mwingine amlee.

Sasa mpapaseni aliye karibu nanyi. Akiwa wa baridi na mviringo, msiniite mimi. Mimi nimeshafunga mlango!