Fundi Aliyejenga Mji wa Mazimwi

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa kushona viti vya magari. Jina lake naliacha. Alikuwa mtu mpole, hanywi, halali nje, na mke wake hakuwa na neno baya juu yake. Baba yake hakumjua. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka mitano, akalelewa na dada yake, binti ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, maana nyumbani kulikuwa na mtoto wa kubeba.

Jioni, dada akiwa jikoni, alimsimulia mdogo wake habari za mazimwi. Kulikuwa na moja la mguu mmoja, lililokaa kwenye njia ya kwenda zahanati na kula watoto wanaotoka peke yao. Mtoto alitetemeka, akamshika dada kanga, akakaa hapo hapo mpaka chakula kiive. Alipokuwa mtu mzima, hizo ndizo jioni alizozikumbuka kuliko kitu kingine chochote.

Sasa, siku moja fundi akaona gemu kwenye simu. Unajenga mji. Lakini si mji wa maghorofa. Ni mji wa zamani, nyumba za udongo, koroboi dirishani, redio ya mbao inakoroma. Unachimba kisima, unaweka soko, unaleta watu. Na jua la kwenye gemu likizama, mazimwi yanatoka porini kuja kubomoa. Ukitaka ukuta imara, unanunua. Ukitaka mbwa wa kulinda, unanunua. Pesa inatoka kwenye simu hiyo hiyo, kidole tu.

Fundi alimwambia mkewe kwamba gemu hili linamrudisha nyumbani. Miezi ikapita, akajenga nyumba kama ile aliyokulia yeye na dada yake. Akanunua hata mwanamke wa kukaa kando ya moto na kusimulia hadithi. Ukimgusa, anafungua mdomo na kusema maneno matatu. Ukimgusa tena, ni yale yale matatu. Fundi akamgusa, akatabasamu.

Mkiwa mnamcheka, ngojeni kwanza.

Wiki hiyo hiyo dada yake alikuja kutoka kijijini kuonana na daktari, presha ilikuwa inamsumbua. Akafikia kwa fundi. Siku ya pili, wakichambua mchicha uani, alimweleza wifi yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mama yao alikufa kwa kipindupindu, kwenye kambi ya wagonjwa nyuma ya zahanati. Mtoto alikuwa anatoroka kila siku kumfuata. Ndipo dada akalibuni lile zimwi la njiani, ili mtoto aogope, abaki ndani, aishi. Na siku ya mwisho mama alimwita binti yake mpaka kwenye kamba iliyozuia watu kuingia kambini, akampa maneno ya kumfikishia yule mdogo akishakua.

"Nilingoja akue," alisema. "Alipokua nikaona haya, kwa kuwa nilimzuia asimwone mama yake. Sasa nazeeka. Nimekuja kumpa."

Wifi alimwomba amwambie yeye, amtunzie. Dada alikataa. Alisema ameagizwa kwa mtu mmoja tu.

Mke alimfikishia mumewe habari hiyo jioni ile ile: dada ana maneno yako, ya mama. Fundi alishtuka. Lakini kwenye gemu ilikuwa wiki ya giza, mazimwi yanakuja kwa makundi, na mji alioujenga kwa miezi ungeweza kuanguka. Akatoka uani simu ikiwa mkononi, akaketi karibu na dada yake, akamwambia aseme tu, masikio yake yapo.

Dada aliitazama ile simu.

"Maneno haya siwezi kumwambia mtu anayeangalia pembeni," alisema. "Maliza shughuli yako, mdogo wangu. Nitakungoja."

"Kesho, dada. Kesho nitakuwa nimemaliza."

Kesho ikaja, mazimwi nayo yakaja. Akanunua ukuta mwingine. Keshokutwa akanunua mbwa zaidi. Kila jioni dada aliandaa mkeka uani, akakaa, akangoja, kisha akaukunja bila kulalamika.

Siku ya mwisho ya ile wiki, mji wa fundi ulisimama. Hakuna hata nyumba moja iliyoanguka. Alizima simu yeye mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, akaiacha kitandani, akatoka uani mikono mitupu. Akaketi mbele ya dada yake, akamtazama usoni, akamwambia yuko tayari.

Dada alifurahi. Akafungua mdomo. Upande mmoja wa uso ukashuka, na fundi akadhani anacheka. Kisha mkono wa kulia ukaanguka pajani.

Hakufa. Kama angekufa, ningewaambia poleni, tuendelee. Kiharusi kilichukua ulimi na mkono, kikamwachia akili yake yote. Yuko pale nyumbani mpaka leo. Kila jioni fundi anaketi mbele yake, na dada anajaribu. Inatoka sauti moja tu, haina umbo. Kuandika hajui. Fundi anayaangalia macho yake na kuona wazi kwamba maneno ya mama yake yamo humo ndani, yote, hakuna lililopotea. Ila njia ya kutokea haipo.

Sasa niulizeni: je, alimchukia dada yake? Hapana. Alimpenda, na ndiyo sababu mfano huu unanitisha. Je, tuilaumu simu? Simu ina kitufe cha kuzimia, na mmeona kwamba alikijua. Fundi alilipia kusikia sauti ya zamani, na mwenye sauti hiyo alikuwa ameketi uani kwake akingoja. Sisi ni nani tumcheke? Wewe una gemu, mwenzako ana mpira, mimi nina vikao vya kanisa. Tunamwomba hata Mungu aseme nasi, naye akitaka kusema anatukuta tumetazama pembeni.

Leo naifupisha ibada. Matangazo yatabandikwa mlangoni. Wapo kwenu baba, mama, shangazi, watu ambao miguu haiwafikishi tena hapa. Kuna swali ambalo umelisogeza mbele mwaka mzima. Nenda ukaliulize kabla ya chakula cha mchana. Ukishauliza, nyamaza, hata kama jibu litachelewa.