Mama Nguchiro na Yai la Tuli

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Paukwa tena! Nimesikia sauti mbili, na hapa jikoni mko watatu."

"Pakawa!"

"Bado mbili. Haya, nani kaleta kuni mbichi?"

"Mbazi!"

"Nani atapuliza moto mpaka maharage yaive?"

"Mbazi!"

"Basi puliza, baba, huku unasikiliza. Nakijwa, wewe maswali mwisho wa hadithi."

"Mama, na kama nitayasahau?"

"Hujawahi kusahau swali hata siku moja. Namsifu, sogea huku, moshi usikuingie machoni. Haya, sikilizeni."

Hapo zamani za kale, jongoo walipokuwa wanene kama kidole gumba changu, palikuwa na kundi la nguchiro lililokaa kwenye kichuguu kikubwa. Nguchiro mnawajua, wale wadogo wenye milia mgongoni, wanaokatiza shambani wakifuatana.

Kundi lile lilikuwa na sheria moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, wote wanahama, kwa sababu maji hujaa ndani ya kichuguu na wadudu wa pale wamekwisha. Lakini kabla ya kuhama, kila mtoto wa mwaka ule alipanda juu ya jiwe bapa mbele ya wote, akafanya mambo matatu. Amle jongoo bila kuungua mdomo. Apasue yai. Aonyeshe la kufanya nyoka akitokea.

"Akishindwa?"

Akishindwa anabaki, yeye na mama yake, mpaka mvua za mwaka unaofuata. Na hakuna aliyewahi kubaki akakutwa mwaka uliofuata.

"Alienda wapi?"

Mbazi, nyoka anakula nini?

"Ah."

Sasa, palikuwa na Mama Mbona. Alikuwa na watoto watatu wa uzao mmoja, waliolala shimo moja, na hawakufanana hata kwa kupiga chafya. Wa kwanza Mbona. Huyo aliuliza. Wa pili Chapuo. Huyo hakutulia, hata usingizini miguu yake ilicheza. Wa tatu Tuli. Huyo alitazama tu.

Mama Mbona aliwapeleka kwa mwalimu wa kundi kama wenzao. Siku ya nne mwalimu akawarudisha mwenyewe.

"Mama Mbona, shikamoo yangu uichukue, na watoto wako uwachukue," akasema. "Huyu ananiuliza mpaka nasahau nilichokuwa nafundisha. Huyu amechimba sakafu ya darasa mpaka wenzake wametumbukia. Na huyu wa tatu, kusema kweli, sijui kama yu hai."

"Yu hai," akasema Mama Mbona. "Jana kala panzi sita."

"Basi mfundishe wewe."

Mama Mbona akatazama angani. Mawingu yalikuwa bado mbali, lakini yalikuwepo. Akasema, "Nitawafundisha nyumbani."

Akaanza na jongoo. Akawapanga mstari mmoja, kama mama yake alivyompanga yeye, akawaimbia wimbo aliofundishwa:

*Mshike, mviringishe,*
*mviringishe mchangani,*
*mpaka akauke mgongo,*
*ndipo umle, mwanangu.*

Imbeni na nyinyi. Vizuri. Namsifu, si lazima.

Watoto wa Mama Mbona wakaimba? Hawakuimba. Mbona akasema, "Mbona tumviringishe?" Chapuo alikuwa keshamla wa kwake mzimamzima, mdomo ukamvimba kama nyanya, akaruka huku na huku akilia, "Unawaka! Unawaka!" Tuli akamtazama jongoo. Jongoo akaondoka zake. Tuli akamtazama anavyoondoka.

Shimo la jirani alikaa Mama Safu. Watoto wake walikuwa wanne, wanasimama mstari mmoja, wanaimba sauti moja. Akatoa kichwa nje.

"Dada, hapo kwako ni shule au mnada?"

"Mama Safu, angalia mambo yako."

"Yangu yako sawa, dada. Wangu wameshaimba mpaka ubeti wa mwisho."

Mama Mbona akawapanga tena, akaimba tena, akafoka. Mpaka jua la utosi hakuna aliyejua chochote. Akachoka. Akamtupia Mbona jongoo mmoja, akasema, "Kwa nini, kwa nini! Haya, tafuta mwenyewe kwa nini."

Mbona akamnusa. Akamkanyaga kidogo. Akamviringisha juu ya mchanga mweupe, mchanga ukawa wa njano. "Mama! Ana maji makali! Mchanga ndio unayanyonya!" Tangu siku ile hakumla jongoo asiyekauka, na wimbo hakuujua.

Chapuo naye akawa na njaa ya siku mbili. Mama akamwambia, "Mzungushe jongoo wako kichuguu chote, mbio, ukifika hapa ndipo umle." Chapuo akakimbia akimpiga jongoo kwa miguu yote minne. Alipofika, jongoo alikuwa mkavu kama kijiti.

"Na Tuli?"

Tuli alitazama.

Wakaja kwenye yai. Nguchiro hawezi kulipasua yai kwa meno, linateleza. Huligeuzia jiwe mgongo, hulishika yai kwa mikono, halafu hulirusha nyuma, katikati ya miguu. *Pa!* Linapasukia kwenye jiwe.

Chapuo alilipata siku ya kwanza. *Pa!* Akapasua la somo. *Pa!* Akapasua la Mbona. *Pa! Pa! Pa!* Akapasua na chakula cha jioni chote, wakalala na njaa.

"Kama Mbazi na vikombe!"

"Nakijwa, mimi nilivunja kimoja tu!"

"Vitatu. Puliza moto."

Mbona akauliza, "Mbona turushe nyuma? Mbele kuna ubaya gani?" Mama akasema, "Jaribu." Mbona akarusha mbele. Yai likamteleza, likampata mama yake usoni. Mama akajifuta, Mbona akasema, "Sasa nimejua." Na kweli alijua.

Ikabaki zamu ya Tuli. Mama akampa yai. Tuli akalishika. Mama akangoja. Mbona na Chapuo wakangoja. Mama Safu na wanawe wanne wakatoa vichwa, wakangoja. Tuli akaliweka yai chini taratibu, akaingia shimoni.

"Pole, dada," akasema Mama Safu. "Wengine ndivyo walivyo."

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya sita. Mama alimbembeleza Tuli, hakurusha. Alimfokea, akazidi kujikunja. Mawingu nayo yalikuwa yamefika mlimani. Siku ya saba Mama Mbona akaketi kivulini ubavuni mwa kichuguu, akasema nitafumba macho kidogo tu, akapitiwa na usingizi mchana kweupe, mdomo wazi.

Akashtuliwa na kitu. *Pa!*

Akafungua jicho moja. Nyuma ya kichuguu, pasipo na mtu, Tuli alikuwa ameligeuzia jiwe mgongo. Akachukua yai la pili. *Pa!* Chini ya jiwe lile palikuwa na maganda ya mayai, mengi, mengine makavu ya siku nyingi. Na pembeni palikuwa na mistari ya mchanga wa njano, pale jongoo walipoviringishwa mmoja mmoja.

Kumbe alikuwa anajua yote. Alitazama, akaondoka, akafanya peke yake.

Mama Mbona alitaka kuruka, alitaka kupiga vigelegele, alitaka kumwita Mama Safu atoe kichwa. Lakini akafanya jambo lililomshinda nguvu siku zote: akanyamaza. Akafumba jicho lake, akaendelea kukoroma.

"Kwa uongo?"

Kwa uongo, Nakijwa. Na alikoroma vizuri.

Likabaki somo la nyoka. Nguchiro mmoja ni mdogo, nyoka hamwogopi. Kwa hiyo hubanana, wote donge moja, husimama kwa miguu ya nyuma, husogea pamoja, na nyoka huona mnyama mmoja mkubwa mwenye vichwa vingi.

Mama Mbona akawabananisha shimoni. Chapuo akachomoka mbele. Mbona akauliza nyoka anaona vipi. Tuli akakaa nje ya donge. Mara ya tisa mama akasema, "Jamani, nimechoka. Chapuo, kama huwezi kusimama, piga miguu hapohapo ulipo, ardhi itikisike. Mbona, kama lazima useme, basi wewe utuambie tuende wapi. Tuli, kama lazima utazame, wewe tazama kwa niaba yetu sote." Akawabana kwa mikono yake, na shimo lenyewe lilikuwa jembamba, wakalala hivyohivyo wamebanana.

Kulipokucha, upepo ulinuka mvua. Shangazi Meno-Manne, mkubwa wa kundi, akawaita wote jiweni.

Wana wa Mama Safu wakapanda mstari mmoja, wakaimba, wakala jongoo, wakapasua mayai; la nyoka lilikuwa likingoja mwisho, kwa wote pamoja. Mbona akapanda, akaeleza sana mpaka Shangazi akamwambia inatosha, mwanangu, umefaulu. Chapuo akapanda, akala, akapasua, na akapasua la ziada.

Akapanda Tuli. Jongoo alikuwa chini, na yai mikononi. Macho ya kundi zima yalikuwa juu yake. Tuli akainua uso, akatazama majani marefu juu ya vichwa vyao. Hakufanya kitu.

"Huyu hajui," akasema Shangazi Meno-Manne.

"Anajua, Shangazi," akasema Mama Mbona. "Nakuomba, geuzeni migongo."

Kundi zima likacheka. "Tangu lini," akasema Shangazi, "mwenye kupima akageuza mgongo? Nitapima kwa mkia?"

"Nakuomba hivyo hivyo. Kwa kuwa yeye akibaki, mimi nabaki. Na hawa wawili hawataniacha. Tutabaki wanne."

"Sheria ni sheria, Mama Mbona. Huyu anaba—"

"Shangazi," ikasema sauti ndogo juu ya jiwe. "Usirudi nyuma."

Wote wakatazama jiweni. Hawakuwahi kuisikia sauti ile.

"Kuna swila. Nyuma ya mkia wako."

Shangazi akaganda. Swila alikuwa ametoka majanini, kainua kichwa, katanua shingo. Wana wa Mama Safu wakaona nyoka, wakafanya kama walivyozoea kufanya kila walipoanza somo: wakajipanga mstari, wakaanza kuimba. Mstari wa nguchiro wanne mbele ya nyoka ni nini?

"Chakula!"

Umeona. Lakini Chapuo alikuwa keshafika, anapiga miguu mpaka vumbi linaruka. Tuli akashuka jiweni, yai lake kwapani, akajibana ubavuni mwa Chapuo. Mbona akajibana katikati, akapaza sauti: "Njooni! Acheni mstari, njooni hapa! Simameni juu, anaona ukubwa tu!" Mama akaingia. Mama Safu akawavuta wanawe wanne, akaingia. Mwalimu akaingia, na kundi lote nyuma yake. Wakawa donge moja.

"Anaelekea kushoto," akasema Tuli.

"Kushoto!" akapaza Mbona, na donge zima likaenda kushoto, miguu ya Chapuo ikivuma kama ngoma.

Swila akatazama. Akaona mnyama mkubwa, mwenye vichwa ishirini, anayesema na kutikisa ardhi. Akakunja shingo yake, akarudi majanini.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya jiwe.

Shangazi Meno-Manne akapumua. Akamtazama Tuli, naye Tuli akatazama chini. Shangazi akasema, "La nyoka amefaulu huyu. Bado jongoo, na bado yai." Halafu akageukia kundi. "Geuzeni migongo."

"Shangazi?"

"Mmenisikia. Na wewe Mama Safu, hicho kichwa chako pia."

Wakageuka wote. Palikuwa kimya, mvua tu, tone moja moja. Wakasikia mchanga ukikwaruzwa, taratibu, mara nyingi. Wakasikia kutafuna. Kisha kimya tena, kirefu. Mama Mbona akafumba macho.

*Pa!*

Wakahama siku ileile, wote, mikia juu, mvua ikiwapiga. Mama Mbona alitembea nyuma akiwahesabu wanawe: mmoja, wawili, watatu. Mama Safu akapunguza mwendo, akamwomba, kwa sauti ya chini, wanawe wanne waje shimoni kwake jioni mbili tatu. Mama Mbona akasema karibuni, mtabanana. Miguu ilimuuma na usingizi wa msimu mzima ulikuwa unamdai, lakini njia nzima alishukuru. Alishukuru kwa Mbona, kwani kabla yake aliimba wimbo ule miaka yote asijue mchanga unafanya nini. Alishukuru kwa Chapuo na miguu yake. Alishukuru na kwa ule usingizi wa mchana, maana bila kuchoka kiasi kile asingeliona yai la Tuli likipasuka.

Basi mafunzo yake ni haya, wanangu. Watoto wa tumbo moja hawaingiwi na elimu kwa mlango mmoja. Anayewafundisha autafute mlango wa kila mmoja, na akishauona, ashukuru, asiupige teke.

Hadithi yangu imefika kizingitini, imevua viatu, imeketi.

"Mama, swali! Swila alikuwa na sumu ya—"

"Maharage kwanza, Nakijwa. Mbazi, sahani, na uende polepole. Ngoja niepue."

Nikawapa mgongo, nikainamia mafiga, nikashika chungu kwa kitambaa. Nikasema, huku natazama moto:

"Paukwa."

Nyuma yangu, sauti ndogo, moja tu:

"Pakawa."

Sikugeuka. Nilipakua maharage.