Fisi Apewa Unahodha

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Sema wewe!"

Pakawa ghuba tulivu, na ndani yake mashua ya matanga imetia nanga. Mashua ya nani? Ya Bi Panya na mumewe, Mzee Panya. Maisha yao yote walibeba nafaka, wakabeba, wakabeba, hadi mgongo wa mzee ukapinda. Sasa wamestaafu. Asubuhi wanaota jua, mchana wanalala, jioni wanacheza bao. Maji yanasema chwa, chwa, chwa. Bi Panya akimtazama mumewe anavyokoroma kwenye bembea, moyo unamjaa. "Angalau sasa anapumzika," anajiambia.

Basi siku moja, chubwi! chubwi! Nani huyo? Fisi, anakuja anaogelea.

"Hodi! Nimekuja kuwatembelea!"

Mgeni hafukuzwi, nyie mnajua. Akakaribishwa. Akala mihogo, akala samaki, akalamba hata sufuria. Kisha akajitupa, puu! kwenye bembea ya mzee. Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mzee wa watu akawa analala kwenye mbao tupu, mgongo unamuuma, na bado anasema, "Sina neno, mke wangu."

Bi Panya akaumia sana. Akawaza weee, kisha akamwendea Fisi, akapiga goti.

"Bwana Fisi, tumekukosea. Mtu mkubwa kama wewe kukufanya mgeni tu! Kuanzia leo wewe ndiye nahodha."

Fisi akavimba kichwa. "Nilikuwa najiuliza mtaliona lini hilo!"

"Ila nahodha ana heshima zake. Yeye hushika kamba ya nanga, mashua isichukuliwe na maji. Na hali chakula mpaka mabaharia wake washibe."

"Mimi tena! Lete kamba!"

Akaikamata kwa nguvu zote, na maji yenyewe yametulia tuli. Bi Panya akapakua. Mzee akatafuna polepole, nya, nya, nya.

"Mmeshiba?" Fisi akauliza.

"Bado, nahodha wetu."

Nya, nya, nya. Wakapiga soga. Wakanywa chai.

"Mmeshiba?"

"Bado, nahodha wetu. Ndiyo kwanza tunaonja mchuzi."

Nya, nya, nya. Udenda ukamtoka Fisi, tumbo likamnguruma, nguru, nguru.

"Mmeshiba?" akalia.

"Bado, nahodha wetu. Mzee hana meno, mvumilie."

Fisi akatupa kamba. "Unahodha gani huu wa kufa njaa! Tafuteni mwingine!" Chubwi! Akaenda zake bila kuaga. Mashua haikusogea hata kidogo.

Mzee akapanda kwenye bembea yake, akajinyoosha. "Maskini, alikuwa nahodha mzuri," akasema. "Leo nimeshiba kweli." Bi Panya akacheka mpaka machozi, akambembeza taratibu hadi akakoroma.

Ngano yangu imeisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nimeze peke yangu. Na funzo lake? Mgeni msimnyime heshima, wanangu. Mpeni cheo. Asipoondoka, mpandisheni.